Kitalu kiko kisogoni: siku ya kupandikizwa nywele
Mhadhara uliotolewa Lupiro, Ulanga

 

Nilipoombwa kuja kuzungumza hapa nilidhani nitaulizwa habari za mapunye ya watoto wa shule, au ukurutu, au fangasi wa vidoleni wanaotusumbua kila tukishinda majarubani. Ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kumbe ujumbe ulioletwa ulikuwa mwingine: vijana wanataka kujua siku ya kupandikizwa nywele inakuwaje. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaikumbuka simu. Kijana amekaa na pikipiki yake njia panda, pale barabara ya Mahenge inapoachana na ya Malinyi, anasubiri abiria, na kiganjani mwake anamwona mtu aliyekwenda Istanbul na kipara akarudi na nywele za kuchana. Picha ya kabla, picha ya baada. Kati ya picha hizo mbili kuna siku moja ndefu ambayo hawaionyeshi, na baada yake kuna mwezi mmoja mbaya ambao hawautaji kabisa.

Niseme mapema kwamba mimi ni tabibu wa ngozi, sipandikizi nywele. Magonjwa ya ngozi niliyasomea Moshi, katika kituo cha mafunzo cha kanda kilichopo KCMC, kilichofunguliwa 1992. Siku ya kupandikizwa niliishuhudia kwa macho yangu kwa sababu ya mdogo wangu. Yeye ni dereva wa malori, na alianza kupata uwaraza akiwa na miaka 26. Akiwa na miaka 38 aliamua kupandikizwa, akaniambia, "Kaka, hela ninayo, mtu wa kunishika mkono sina." Nikamsindikiza. Kliniki sitaitaja, wala mji wake.

Sasa, Lupiro mna bahati. Sehemu nyingine ningehitaji michoro ubaoni, lakini hapa kila mtu ameshawahi kung'oa miche ya mpunga, na kupandikiza nywele ni kazi ileile. Daktari hana mbegu ya nywele. Hakuna unywele mpya unaotengenezwa siku ile, hata mmoja. Kuna kitalu, nacho kiko kisogoni na juu ya masikio. Kuna jaruba lililo tupu, nalo liko utosini na kwenye paji la uso. Miche inang'olewa kule, inapandwa huku. Kitalu kikiwa chembamba, jaruba halitajaa, hata mngemlipa daktari kwa ng'ombe.

Mtauliza, kwa nini mche wa kisogoni ukihamia utosini usianguke kama wenzake walioanguka? Swali hilo lilijibiwa na daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich. Alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza mwenye upara wa kawaida wa kiume mwaka 1952, na matokeo yake yakachapishwa 1959. Aliona kwamba unywele unabaki na tabia ya mahali ulikotoka. Upara huu wa wanaume hutokana na homoni ya kiume inayobadilishwa mwilini na kuvidhoofisha vinyweleo vya mbele na vya juu. Vya kisogoni haviathiriki nayo kiasi hicho, na vikihamishwa vinakwenda na ugumu wao. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1939, daktari Mjapani Okuda alikuwa amekwisha kuandika jinsi alivyopandikiza vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kwenye makovu. Vita vikaja, na nje ya Japani maandishi yake hayakusomwa.

Vipande vya Orentreich vilikuwa vikubwa, milimita 4 hivi, kama mtu apande miche kumi shimo moja. Nywele ziliota mafungumafungu kama za mwanasesere. Leo kinachohamishwa ni shina moja lenye unywele mmoja, au miwili, au mitatu, mara chache minne, jinsi zilivyoota zenyewe. Mkulima wa kilimo shadidi cha mpunga ananielewa: mche mmoja mmoja, kwa nafasi.

Siku ile huanza kabla ya siku ile, kwa mtu kukitazama kisogo chako. Nami nasisitiza kisogo kwa sababu huku kwetu ndicho chenye matatizo. Wanaume wengi tunaonyolewa kwa mashine hadi kwenye ngozi tunapata vipele vigumu kisogoni, vile tunavyoviita vipele vya kinyozi. Vikiachwa vinageuka makovu yaliyotuna. Mtu wa namna hiyo kitalu chake kina ugonjwa, na kukichimba ni kuuchokoza. Halafu kuna wale ambao wakijeruhiwa kidogo kovu linavimba na kupita mipaka ya kidonda. Daktari makini atakuuliza: bega lako la chanjo likoje? Ulipotobolewa sikio ilikuwaje? Akiwa na shaka atapandikiza nywele chache tu, akuache miezi kadhaa, ndipo aamue. Asiyeuliza hayo, chukua kofia yako uondoke.

Kwa akina mama mambo ni mengine. Wengi ninaowaona nywele zimekatika kwenye kingo za uso kwa sababu ya misuko ya kubana, rasta nzito na dawa za kulainisha. Ukiacha kubana mapema, nyingi hurudi bila kisu. Wapo pia wenye ugonjwa unaoanzia katikati ya utosi na kuua vinyweleo polepole, ukiacha ngozi laini inayong'aa. Huo ukipandikizwa ungali hai unakula na miche mipya. Dawa kwanza.

Tufike asubuhi yenyewe. Tulikuwa kliniki saa 2. Jambo la kwanza lililomshangaza mdogo wangu ni kuulizwa kama amekula. Sisi upasuaji tunaoujua ni wa ngiri, wa busha, wa mama kujifungua, na kule unaambiwa usile wala usinywe tangu usiku. Huku unatakiwa uwe umekula vizuri, maana hutapewa nusukaputi. Ni ganzi tu, na utakaa macho saa sita, saba, nane. Unatakiwa pia uvae shati la vifungo. Mdogo wangu alivaa fulana, na jioni ilibidi ikatwe kwa mkasi, kwa sababu fulana ya kuvulia kichwani ingeikomba miche yote. Pombe iwe imeachwa siku kadhaa kabla, na aspirini vilevile kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa huzidisha kutoka damu. Anayekunywa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa amri ya kliniki ya nywele. Amuulize daktari wake wa moyo.

Walimpima presha, sukari, virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Ningekuwa mimi, mtu aliyetoka bonde la Kilombero ningempima na malaria pia. Mnajua wenyewe mbu wa hapa. Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa ikija kuwasoma Lupiro miaka na miaka. Mwenye homa aahirishe.

Kisha ikaja kalamu. Daktari alimweka mbele ya kioo, akamchora mstari pale nywele zitakapoanzia. Hapo nawaomba mkae muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mdogo wangu aliutaka mstari chini, kama alivyokuwa akisoma sekondari. Daktari akaupandisha. Wakabishana. Nilikaa kimya, lakini daktari alikuwa sahihi. Mstari wa kijana kwenye uso wa mtu mzima unakula miche mingi mno, na upara haujasimama. Utaendelea kurudi nyuma na kuacha kisiwa cha nywele mbele na uwanja nyuma yake. Kitalu hakioti tena. Ukikimaliza leo, ya kesho huna. Hii ndiyo sababu kijana wa miaka 22 hatakiwi kukimbilia huko: bado haijajulikana jaruba lake litakuwa kubwa kiasi gani.

Baada ya mstari ni picha, ni karatasi ya ridhaa ambayo unapaswa kuisoma, ni kunyolewa kisogo.

Ganzi ndiyo sehemu inayouma, nami sitawadanganya. Ni lidokeini iliyochanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ibane na damu isitoke sana. Sindano zinapigwa nyingi, kuzunguka kisogo na baadaye kuzunguka paji la uso. Mdogo wangu, mtu aliyewahi kubadili tairi la lori usiku kwenye mvua, alinishika mkono mpaka vidole vikafa. Dakika kumi hivi. Kisha kichwa kikawa si chake. Alikuwa akikigonga kwa kucha na kusema anasikia mlio tu, kama anagonga debe.

Hapa pana hatari moja inayowapita wengi. Lidokeini ina kiwango. Yenye adrenalini haizidi miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 70 asipite 490. Siku ni ndefu, ganzi huisha, na mtu anaongezewa tena na tena. Ikizidi, mgonjwa huanza kuhisi midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma, mdomoni kuna ladha ya chuma. Ukihisi hivyo, sema hapohapo kwa sauti. Usione haya. Kinachofuata ukinyamaza ni degedege, na moyo kusumbuka. Kabla ya kulala kitandani uliza: vifaa vya kumwokoa mtu akizidiwa viko wapi, na nani anajua kuvitumia? Nilipouliza mimi, walinionyesha mtungi wa oksijeni. Nikaomba waufungue. Ulikuwa na gesi.

Akalala kifudifudi, uso ndani ya tundu la mto, na kung'oa kukaanza. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata ukanda wa ngozi kisogoni, kushona, kisha kuuchambua ukanda ule chini ya hadubini. Inaacha kovu la mstari, na kwa mtu wa makovu yanayotuna si ya kuikimbilia. Ya pili, iliyoenea baada ya kuandikwa katika majarida ya kitabibu mwaka 2002, ni kutoboa shina moja moja kwa kitoboleo cha duara, upana wake milimita moja au chini ya hapo, kisha kuling'oa kwa kibano.

Njia hii ya pili ndiyo ya kwenye simu zenu, na ndiyo inayohitaji mtu anayezijua nywele zetu. Unywele wetu umejisokota juu ya ngozi. Msidhani chini ya ngozi umenyooka. Hata huko umepinda kama upinde. Ni sawa na kuchimba muhogo: shina liko hapa, mzizi umekwenda kule, na ukishusha jembe wima umeukata. Mtu aliyejifunzia kwenye nywele zilizonyooka akija na mkono uleule kwenye kichwa cha Mpogoro, anakata mizizi mingi, na mche uliokatwa mzizi hauoti huku wala kule. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari kabla ya kulipa ni hili: umepandikiza vichwa vingapi vya watu weusi, na picha zao ziko wapi? Ile ya Mzungu wa picha ya baada haikuhusu.

Mungu hakutunyima vyote, lakini. Nywele zikishajisokota huziba uwazi vizuri. Mashina machache ya kwetu hufunika ngozi zaidi kuliko idadi ileile ya mashina ya mtu mwenye nywele nyoofu, na weusi wa nywele juu ya ngozi nyeusi unaficha mengi.

Nilisogea nikatazama. Kitoboleo kilikuwa na mlio mdogo wa mashine, kama wa cherehani mbali. Kila kilipoinuka kiliacha duara jekundu lenye ncha nyeusi katikati. Msaidizi alivuta kwa vibano viwili, mkono huu ukisaidia huu, na mche ukatoka: ncha ya unywele juu, kishina cheupe chini kama punje ya mchele uliovunjika, na kimafuta kidogo kimekizunguka. Ukawekwa kwenye sahani yenye maji ya chumvi ya hospitali, juu ya barafu, ukapangwa kwenye gozi lililolowa, kumikumi. Mche wa nywele ukikauka umekufa, tena kwa dakika chache tu. Niliona mmoja umebaki kwenye kidole cha glavu, msaidizi anaongea na mwenzake, nikamwonyesha. Akautupa.

Saa 7 walisimama kula. Hiki ni kitu cha kuchekesha kidogo: mtu anaketi na kisogo kilichotobolewa matundu elfu moja na mia nane, anakula wali na kuku, anajibu simu za bosi wake kuhusu mzigo wa Tunduma.

Mchana ni kupanda. Mgonjwa analala chali au anaegemea. Vitundu vidogo vinafunguliwa kwa sindano au kisu chembamba, na hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana, kwa maana pembe ya kitundu ndiyo itakayokuwa mwelekeo wa unywele milele. Mbele kabisa hupandwa mashina ya unywele mmoja, tena kwa mstari usionyooka, kwa sababu hakuna paji la uso lililopigwa rula. Ya nywele mbili na tatu hukaa nyuma yake. Mgonjwa haumwi, anachoka. Shingo inakufa, mgongo unalalamika, anaomba kwenda haja. Mdogo wangu alisinzia akakoroma, wakamwamsha kwa kuwa kichwa kilikuwa kinatikisika.

Lipo lililoniudhi, nami nitalisema. Yule daktari aliyechora mstari hatukumwona tena mpaka jioni. Sindano za ganzi, kutoboa, kufungua vitundu, vyote vilifanywa na vijana wasaidizi. Walikuwa na bidii, siwalaumu, ila hawakuwa madaktari, na risiti ilisema tumelipia daktari. Jambo hili limeenea duniani. Chama cha kimataifa cha wapasuaji wa nywele, kilichoanzishwa 1993, kimekuwa kikiwaonya wagonjwa juu ya kliniki ambazo daktari ni jina la mlangoni tu. Msaidizi kupanda miche chini ya jicho la daktari ni kawaida kila mahali. Kukata ngozi ni kazi ya daktari. Ulizeni kwa majina, mapema: nani atatoboa, nani atafungua vitundu? Tena wakiwaandikia ni vizuri zaidi. Mimi nilipaswa kuuliza, nikaona aibu, mtu wa fani kabisa.

Saa 11 jioni tulitoka na bandeji kisogoni, mbele wazi, kofia pana isiyogusa, na chupa ya kunyunyizia maji ya chumvi. Usiku ule alilala ameinuliwa kwa mito mitatu. Usiku wa kwanza na wa pili miche haijashika. Ukijikuna usingizini unaing'oa. Siku ya tatu uvimbe ulishuka kutoka kwenye paji la uso hadi machoni, akaamka kama aliyeng'atwa na nyuki. Hakuna aliyekuwa amemwonya, ingawa ni jambo la kawaida na huondoka lenyewe. Magaga yalidondoka yote baada ya siku kumi hivi, kwa kuoshwa taratibu. Anayetoka mbali kama huku asikimbilie basi siku ileile. Barabara ya vumbi na jua la bonde havifai kwa kichwa kibichi, wala helmeti ya bodaboda, angalau wiki mbili za mwanzo. Homa, usaha au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, nenda hospitali, usisubiri kliniki ijibu ujumbe.

Wiki ya nne simu yangu ililia usiku. "Kaka, zinaanguka! Zote!" Alikuwa amekaa kitandani na nywele kwenye foronya, anataka kurudi kule kudai hela yake. Nikamuuliza: mpunga ukihamishwa kutoka kitaluni, wiki ya kwanza unakuwaje? Akanyamaza. Akasema, "Unakuwa wa njano." Nikamwambia asubiri. Unywele uliopandikizwa huanguka kati ya wiki ya pili na ya nane, mzizi ukibaki chini umepumzika. Machipukizi huonekana mwezi wa tatu au wa nne, nyembamba kama za mtoto, na sura kamili huja mwaka mmoja baadaye, wengine mwaka na nusu. Yeye mwezi wa nne alinitumia picha ya paji la uso kwa karibu mno hata sikujua ni nini, nikadhani ni jaruba kweli.

Nusu ya miche yake ya upande wa kushoto haikuota. Nadhani ni ile mizizi iliyokatwa. Anachana nywele zake kuanzia kulia.

Wazee wangu hapa mbele wananiangalia na vipara vyao vinavyong'aa, na nawaona wanatabasamu. Wana haki. Kipara chenyewe hakiumi, na zipo dawa za wanaotaka kuzuia kilichobaki: minoksidili ya kupaka, iliyoruhusiwa Marekani kwa ajili hiyo 1988, na vidonge vya finasteridi, 1997, ambavyo mama mjamzito hapaswi hata kushika vilivyovunjika. Ukiziacha, faida yake nayo inaondoka. Kipara kimeletea watu balaa kwa sababu ya ujinga wa wengine tu, kama Msumbiji, ambako Juni 2017 polisi walilazimika kuwaonya wanaume wenye vipara baada ya baadhi yao kuuawa na watu walioaminishwa kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Tungekuwa nayo, mzee wangu wa kiti cha kwanza asingekuwa analima.

Nimemaliza ya kwangu. Maswali tutayachukua sasa. Na kijana yeyote anayefikiria safari hiyo, akishauliza, apite hapa dirishani ageuke nimtazame kisogo kwa kioo hiki. Ni bure, na mwanga utatutosha mpaka saa 11.